Pawa Saplai ya Kompyuta Kuukuu Yaweza Kuwa Chombo cha Kupimia cha Kikundi



Ukitembea katika masoko yetu, kuanzia Malaba, Amukura na Busia mjini hadi Nambale, Bumala, Funyula na Port Victoria, hutakosa kijana aliyekaa nyuma ya meza ndogo akitengeneza redio, simu, taa za sola na nyaya za bodaboda. Wengi wao ni watoto wetu, na wengine ni wanachama wa vikundi vyenu. Mikono yao ni myepesi na bidii wanayo. Lakini uliza hivi: wanapimaje kitu kabla ya kukitengeneza?

Mara nyingi utaona fundi akipima redio kwa mawe ya zamani ambayo hajui kama yana nguvu. Mwingine anachomoa betri ya pikipiki ya rafiki yake ili apime taa. Redio ikikataa kulia, hajui kama ubovu uko kwa redio au kwa mawe. Kwa hivyo anabahatisha. Anabadilisha kifaa kimoja, halafu kingine, na mama aliyeleta redio analipia vifaa ambavyo havikuwa na kasoro. Akirudi mara ya pili na redio bado ni bubu, hatakuja mara ya tatu. Hivyo ndivyo kazi ya kijana inavyokufa, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa chombo cha kupimia.

Chombo hicho huuzwa madukani mijini, lakini bei yake huwashinda vijana wengi wanaoanza. Kumbe kuna kingine kinachoweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na mara nyingi kimelala stoo ya shule, katika saiba iliyofungwa, au nyuma ya ofisi. Ni lile sanduku la bati lililo ndani ya kompyuta ya mezani, lenye feni na mkia wa nyaya za rangi nyingi. Mafundi huliita pawa saplai.

Katika makala hii tutaeleza jinsi kikundi kinavyoweza kuligeuza sanduku hilo bila kulifungua. Soma maneno hayo ya mwisho tena: bila kulifungua. Sababu yake tutaiona sasa hivi.

SANDUKU HILI HUFANYA KAZI GANI?

Stima inayokuja nyumbani, Kenya na Uganda pia, ni ya volti 240. Kompyuta haiwezi kula stima ya namna hiyo. Inataka umeme mdogo, unaokwenda upande mmoja kama ule wa betri. Pawa saplai hupokea volti 240 na kutoa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Hizo ndizo volti ambazo redio, taa za pikipiki na vifaa vingi vya sola hutumia, au zilizo karibu nazo. Ndiyo maana sanduku hili linatufaa.

Masanduku mengi utakayopata ni ya mtindo unaoitwa ATX, ulioletwa na kampuni ya Intel mwaka 1995. Uzuri wa mtindo huo ni kwamba watengenezaji walikubaliana juu ya volti na rangi za nyaya. Mwaka 2025 kompyuta nyingi zaidi zilianza kuwekwa kando, kwa sababu tarehe 14 Oktoba mwaka huo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia programu yake ya Windows 10, na mashine nyingi za zamani haziwezi kubeba programu iliyofuata. Kwa hivyo masanduku yapo, na yataendelea kupatikana.

SHERIA YA KWANZA: USILIFUNGUE

Ndani ya sanduku kuna vifaa vinavyoitwa kapasita. Hivi huhifadhi umeme kama mtungi unavyohifadhi maji. Stima ya 240 ikiingia na kugeuzwa, kapasita kubwa hujazwa hadi zaidi ya volti 300. Ukichomoa plagi, umeme huo hauondoki papo hapo. Katika sanduku zima hupungua polepole; katika sanduku bovu unaweza kukaa muda mrefu ukimngoja mtu aweke kidole. Mwenye kovu usidhani kapoa. Umeme huo unaweza kumwua mtu.

Kuna maelezo mengine yanayozunguka yanayomwambia mtu afungue sanduku, atoboe bati, na aweke skrubu za kuunganishia palepale. Kazi hiyo ni ya fundi aliyesomea umeme. Kwa kikundi cha kijijini hakuna haja, kwa maana nyaya zote tunazohitaji tayari zimetoka nje. Sisi tutaweka kila kitu juu ya ubao ulio kando ya sanduku, na bati litabaki limefungwa kwa skrubu zake kama lilivyotoka kiwandani.

Kama sanduku limekufa, msijaribu kulitengeneza. Tafuteni lingine.

JINSI YA KUCHAGUA SANDUKU

Angalieni mambo haya kabla ya kutoa pesa:

1. Karatasi iliyobandikwa ubavuni. Isomeni. Itaonyesha kila volti na ampia zake. Ampia ni wingi wa umeme unaoweza kutoka. Ukizidisha volti kwa ampia unapata wati. Kwa mfano, volti 12 kwa ampia 10 ni wati 120. Kwa kazi yetu hata sanduku dogo latosha.

2. Swichi ndogo nyekundu nyuma. Masanduku mengine yana swichi yenye namba 115 na 230. Kwetu sharti iwe 230. Ikiwa kwenye 115 na ukachomeka katika soketi yetu, sanduku hupasuka hapo hapo. Ikiwekwa 230, ifunikeni kwa tepu ili mtoto asiichezee. Sanduku lisilo na swichi hiyo na lililoandikwa 100 hadi 240 hujipanga lenyewe.

3. Harufu na sura. Likinuka kuungua, likiwa na kutu nyingi, likisikika kitu kinachocheza ndani, au waya wa stima ukiwa umechubuka, liacheni.

4. Mtindo. Zile za zamani kabisa, za kabla ya ATX, zina swichi iliyoning'inia kwa waya mnene unaobeba volti 240. Hizo msizichukue. Tena kuna kompyuta ndogo nyembamba za siku hizi ambazo pawa saplai yake hutoa volti 12 pekee na plagi yake ni tofauti. Na baadhi ya kompyuta za Dell za kati ya mwaka 1996 na 2000 zina plagi inayofanana na ya kawaida lakini nyaya zimepangwa kivingine. Ndiyo maana tunasema: rangi ni dalili tu, mita ndiyo shahidi.

5. Mwenyewe. Nunueni kwa mtu mnayemjua, na mdai risiti. Sisi tunaokaa mpakani tunajua jinsi mali ya wizi inavyotembea. Na kama sanduku linatoka ng'ambo ya pili, ulizeni forodhani kwanza. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilifunguliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018, na maofisa wa nchi zote mbili wako hapo. Msilipitishe njia za panya kisha likiletee kikundi kesi.

RANGI ZA NYAYA

Katika sanduku la kawaida la ATX:

– Nyeusi: hasi. Zote ni kitu kimoja.
– Manjano: volti 12.
– Nyekundu: volti 5.
– Rangi ya chungwa: volti 3.3.
– Kijani: waya wa kuwashia. Ukiunganishwa na mweusi, sanduku huamka.
– Zambarau: volti 5 ambazo huwa hai wakati wote plagi ikiwa kwenye soketi, hata kama sanduku limezimwa.
– Kijivu: waya wa kuiambia kompyuta kwamba umeme uko sawa. Sisi hatuutumii.
– Buluu: volti 12 za upande wa hasi. Hatuutumii.
– Kahawia: huwa pamoja na ule wa rangi ya chungwa. Husaidia sanduku kujipima. Usitenganishwe nao.

VITU VINAVYOHITAJIKA

Sanduku lenyewe pamoja na waya wake wa stima wenye plagi ya miguu mitatu, ubao mkavu wa urefu wa futi moja na nusu hivi, bolti sita na nati zake, swichi moja ndogo, vishikio vitatu vya fyuzi, fyuzi moja ya ampia 5 na mbili za ampia 2, na za akiba, balbu mbili za breki za gari za volti 12 wati 21 pamoja na vishikio vyake, tepu ya stima, chuma cha kulehemu na risasi yake, na mita. Mita ni lazima. Kikundi kisicho na mita kisianze kazi hii.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Soketi. Kabla ya yote, mwiteni fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA aikague soketi mtakayotumia, hasa waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi. Bati la sanduku na nyaya zote nyeusi zimeunganishwa na athi. Kama nyumba haina athi, bati hilo huvuja umeme kidogo na ukiligusa utasikia kama siafu wanatembea mkononi. Wengine huzoea na kusema ati ni kawaida ya kompyuta. Si kawaida. Ni ishara kwamba kinga haiko, na siku sanduku likiharibika ndani bati linaweza kubeba volti 240 kamili. Kwa sababu hiyo msikate ule mguu wa tatu wa plagi.

Hatua ya 2. Jaribio. Msikate waya wowote bado. Plagi ikiwa nje, chukueni kipande kifupi cha waya na muunganishe tundu la waya wa kijani na la mweusi ulio karibu katika ile plagi kubwa ya nyaya 20 au 24. Sasa chomekeni na muwashe. Feni ikizunguka, sanduku li hai. Pimeni manjano kwa nyeusi: isomeke kati ya 11.4 na 12.6. Nyekundu kwa nyeusi: kati ya 4.75 na 5.25. Rangi ya chungwa kwa nyeusi: kati ya 3.14 na 3.47. Zikiwa nje ya hapo, au feni ikigeuka kidogo na kusimama, msikate tamaa bado. Masanduku mengine hayakai sawa bila mzigo. Unganisheni balbu moja ya wati 21 kati ya nyekundu na nyeusi, mjaribu tena. Bado likikataa, rudisheni.

Hatua ya 3. Kukata. Chomoeni plagi, mngoje dakika kumi. Kateni nyaya karibu na ile plagi kubwa ili zibaki ndefu. Zigawanyeni kwa rangi. Nyaya msizozitumia, kila mmoja afungwe ncha yake peke yake kwa tepu. Ule wa zambarau ufungwe mara mbili kwa maana u hai hata sanduku likiwa limezimwa. Kahawia ulehemiwe pamoja na wa rangi ya chungwa.

Hatua ya 4. Swichi. Waya wa kijani uende upande mmoja wa swichi, na mweusi mmoja upande wa pili. Hii sasa ndiyo swichi yenu ya kazi. Umeme wake ni mdogo na hauna hatari.

Hatua ya 5. Mzigo wa kudumu. Balbu moja iunganishwe kati ya nyekundu na nyeusi, ibaki hapo siku zote. Kwa kuwa ni balbu ya volti 12 inayopewa 5, itawaka kwa ufifi na kula kama ampia moja. Inalifanya sanduku litulie, na pia inawaonyesha kwamba limewashwa.

Hatua ya 6. Bolti. Tobeni ubao, mweke bolti sita kwa nafasi ya vidole vitatu kati yake, na mziandike kwa rangi isiyofutika:

A. HASI – nyaya nyeusi tatu pamoja.
B. HASI – nyaya nyeusi nyingine tatu.
C. 3.3 – nyaya za rangi ya chungwa, kupitia fyuzi ya ampia 2.
D. 5 – nyaya nyekundu mbili, kupitia fyuzi ya ampia 2.
E. 12 KUPIMA – nyaya za manjano, kupitia fyuzi ya ampia 5, halafu kupitia balbu ya pili.
F. 12 NGUVU – kutoka fyuzi ile ile ya ampia 5, bila balbu.

Balbu hizi huwa moto sana. Vishikio vyake viinuliwe kutoka kwenye ubao, na visikae karibu na karatasi wala pazia. Sanduku lenyewe lipewe nafasi ya kupumua, feni isizibwe.

KWA NINI FYUZI, NA KWA NINI BALBU?

Hapa ndipo wengi huteleza. Chombo cha dukani kina kifundo cha kupunguza umeme ili usizidi kiasi. Sanduku la kompyuta halina. Lenyewe hujikinga likipigwa shoti kubwa, kwa kuzima. Lakini kabla halijafikia kuzima linaweza kusukuma ampia 10 au 15. Umeme huo watosha kuyeyusha waya mwembamba wa redio na kuwasha moto mezani. Sanduku litakuwa limejiokoa lenyewe, bali redio ya mteja itakuwa majivu. Ndiyo maana ya fyuzi. Na mtu asiweke msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi iliyoungua!

Balbu nayo ni kinga inayoonekana kwa macho. Kitu unachokipima kikiwa na shoti, balbu ya bolti E huwaka kwa nguvu zake zote, na umeme hauzidi ampia 1.75 hivi. Hakuna kitakachoungua kwa haraka, na umeshajua ugonjwa. Balbu ikikaa kimya au ikiwaka kwa ufifi, hakuna shoti kubwa, unaweza kuendelea na bolti F. Desturi iwe hiyo: kila kitu kigeni kianze kwa E, ndipo kiende F.

JINSI YA KUPIMA: MIFANO MITATU

Redio. Hesabuni mawe. Mawe mawili ni volti 3, tumieni bolti C. Mawe matatu ni 4.5, na mawe manne ni 6. Yote mawili yanaweza kujaribiwa kwa bolti D. Msiogope tofauti ndogo: jiwe jipya hupima karibu 1.6, kwa hivyo matatu mapya hufika 4.8. Redio ya mawe sita yataka volti 9. Msiipe 12. Kuna kibao kidogo cha kushusha umeme, cha aina ya LM2596, kinachogeuza 12 kuwa 9 au nyingine mtakayo. Kikundi kikiwa na pesa kinunue kimoja. Tafuteni nyaya mbili zinazotoka chumba cha mawe, mhakikishe chanya na hasi kwa mita. Kisha wekeni mita katikati ya njia, ikiwa kwenye tundu la ampia 10. Redio ndogo yenye sauti ya chini hula chini ya robo ampia. Ikila ampia nzima, kuna kitu kinachovuja ndani. Isipokula chochote, njia imekatika: angalieni swichi na nyaya kabla ya kununua kifaa chochote. Angalizo moja: sanduku hili hutoa mngurumo unaosikika katika stesheni za masafa ya kati na mafupi. Isogezeni redio mbali kidogo, msiilaumu.

Bodaboda. Jina hilo lilianzia hapa Busia katika miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kati ya vituo viwili vya mpaka. Leo ni pikipiki, na nyingi hutumia volti 12. Taa ya kiashiria ya wati 10 hula karibu ampia 0.8, ya breki ya wati 21 hula 1.75, na ya mbele ya wati 35 hula karibu 2.9. Zote zapita katika fyuzi yenu. Honi pia yaweza kujaribiwa. Lakini stata ya pikipiki msiiguse. Hiyo hutaka umeme mwingi mno.

Taa ya sola ya volti 12. Taa ikiletwa imekufa, iunganisheni kwa bolti E. Ikiwaka, taa ni nzima na ubovu uko kwa betri, waya au paneli. Hapo umemwokoa mwenyewe asinunue taa nyingine. Taa ndogo zenye betri ndani si za kuunganishwa hivi. Na kama taa bado iko chini ya dhamana ya kampuni, msiifungue. Mrudishieni mwenye duka.

MAMBO AMBAYO SANDUKU HILI HALIFAI KUFANYA

Tunajua mtauliza, kwa hivyo tunajibu mapema.

Swali: Linaweza kuchaji betri ya sola au ya gari?
Jibu: Hapana. Betri ya volti 12 ikijaa na kutulia husoma karibu 12.7. Ili iingie chaji inataka hadi karibu 14.4. Sanduku linatoa 12 tu. Badala ya kuchaji, betri itasukuma umeme kurudi ndani ya sanduku.

Swali: Tunaweza kubusti betri ya simu kwa bolti ya 5?
Jibu: Hapana kabisa. Betri ya simu iliyojaa ni volti 4.2. Ikipewa 5 moja kwa moja inaweza kuvimba na kuwaka moto. Simu ichajiwe kwa chaja yake.

Swali: Linaweza kuachwa limewaka usiku?
Jibu: La. Kazi ikiisha, zimeni swichi na mchomoe plagi. Stima ikipotea pia, chomoeni. Mara nyingi hurudi kwa kishindo.

KIJIJI KISICHO NA STIMA

Si kila kijiji kina stima. Hata hivyo ule ubao haupotezi kazi. Badala ya sanduku, unganisheni betri ya sola ya volti 12 kwenye njia ya manjano na nyeusi, kwa fyuzi iliyo karibu kabisa na betri. Bolti E na F zitafanya kazi kama kawaida. Kwa volti 5 tumieni kile kibao cha kushusha. Fyuzi ya karibu na betri isikosekane, kwa sababu betri haijui kujizima kama sanduku. Ikipigwa shoti husukuma umeme hadi waya uwe mwekundu.

NANI ATALITUNZA?

Chombo cha wote mara nyingi huwa chombo cha asiyekuwepo. Kabla hamjanunua hata bolti moja, kikundi kiketi na kukubaliana haya, na katibu aandike:

– Watu wawili waliofundishwa ndio watumie chombo. Mmoja asifanye kazi peke yake. Mmoja akipatwa na stima, wa pili azime kwanza kwenye soketi kabla ya kumgusa.
– Watoto wasifike mezani. Mikono mibichi na sakafu yenye maji ni marufuku.
– Kila kitu kinachopimwa kiandikwe: tarehe, kitu gani, kilisoma nini, kilikuwa na ubovu gani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tena daftari hili litakuwa mwalimu wenu: baada ya miezi michache mtaona ubovu gani hujirudia, na vifaa gani vya kuweka akiba.
– Ada ya kupima iwe ndogo na ijulikane, ibandikwe ukutani. Mteja aambiwe alichonacho kabla ya kutozwa cha kutengeneza. Aonyeshwe mita kwa macho yake.
– Sehemu ya ada iwekwe kando kwa fyuzi, balbu na siku sanduku litakapokufa, maana litakufa siku moja.

MABAKI YA KOMPYUTA

Mkichukua pawa saplai mtabaki na mwili wa kompyuta. Msichome nyaya ili kupata shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu, na hupita kwenye mapafu ya watoto wanaozunguka pale. Risasi ya kulehemu pia ni sumu: nawa mikono kabla ya kula. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe taka na kuzipeleka kunakostahili. Wekeni mabaki katika gunia kavu hadi yawe mengi, kisha vikundi kadhaa viungane kuyapeleka kwa wapokeaji wenye kibali, kama vile WEEE Centre ya Nairobi. Gunia moja halilipi nauli; magunia ya vikundi vitano yanaweza.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika soko letu, mafundi hupimaje vitu? Ni mara ngapi tumelipia kifaa ambacho hakikuwa kibovu?
2. Ni shule au ofisi gani karibu nasi yenye kompyuta zilizotupwa? Nani ataandika barua ya kuziomba?
3. Je, soketi zetu zina athi? Tutajuaje?
4. Ni vijana gani wawili, msichana na mvulana, tutakaowapeleka kujifunza kwa fundi aliyesomea umeme kabla ya kuanza?
5. Tutafanya nini siku mtu atakapotaka kulifungua sanduku ili "aliboreshe"?

Hilo swali la tano msilipite haraka. Liandikwe jibu lake katika daftari, na wote watie sahihi.